Afande na Neno Lisilo na Sentensi

Juzi nilikwenda kituo cha polisi huko Naguru kuripoti kitambulisho kilichopotea. Kwenye kaunta alikuwepo afande wa kike, daftari mbele yake, akijifunza Kiingereza kigumu kwa ajili ya usaili wa kupandishwa cheo. Kila neno aliliandikia maana, kisha sentensi ya mfano. Neno moja tu, lenye maana ya furaha inayokujia ghafla bila sababu, halikuwa na sentensi.

"Hili mbona umeliruka, afande?"

"Mwalimu yangu alisema sentensi ikuwe ya ukweli, ssebo. Hiyo bado haijanifikia. Nangojea."

"Na intavyu ni lini?"

"Kesho."

Nje mvua ilikuwa inakatika. Jua likapenya dirishani, likatua juu ya kaunta, likapanda mikononi mwake. Aliitazama mikono hiyo kwa muda mrefu, kana kwamba ni ya mtu mwingine. Kisha akachukua kalamu, akaandika polepole mbele ya neno lile, akafunika kwa kiganja.

Mimi furaha hiyo nimeiandika katika safu hii ya gazeti mara nyingi, wala sikumbuki hata mara moja niliyoingoja.