Malalamiko ya Kinyozi

Tangu mke wa mzee Eligio afariki, kinyozi wa mtaani kwao, hapa Moca, huja kila adhuhuri na malalamiko. Hukung'uta nywele za watu mikononi, huketi bila kukaribishwa, kisha huanza: “Ndugu yangu, mkahawa wa stendi wameniudhi tena! Wali hauna ukoko. Nauliza, wanasema wametupa. Hivi hao wamezaliwa na mama?”

“Si usiende.”

“Nikale wapi, kwako? Hata moto huwashi!”

Eligio, ambaye angeshinda na kahawa tupu, huinuka na kubandika wali. Kinyozi hukwangua sufuria kwa nguvu, hugawa ukoko, wala hatii kitu kinywani mpaka mwenyeji aanze.

Jana Eligio aliupita mkahawa ule. Kufuli la mlangoni limeota kutu. Leo kinyozi amekuta wali umeshapakuliwa, na mwenyeji akawahi kuuliza: “Haya, ndugu yangu, leo wamekuudhi nini?”