Siku Tuliyoanika Vibonzo Kariakoo

Siku yangu ya kwanza kazini, Mhariri Mkuu alinitazama kuanzia viatu hadi kitambaa cha kichwa, kisha akanionyesha meza yenye taipureta. Nikamwambia sikuja kupiga chapa, nimekuja kuchora. Akacheka mpaka akavua miwani. "Wanawake hawachori katuni, Ndugu Zuhura." Nikaomba karatasi, nikamchora palepale akiwa anacheka. Hakucheka tena, lakini kazi nilipata.

Ninyi mnaochorea kwenye kompyuta mnaniuliza tulikuwa tunafanyaje. Tulianza kwa penseli nyepesi, tukapitisha wino kwa kalamu ya nibu, halafu tukafuta penseli kwa raba, na raba ikikosekana kwa tonge la mkate, kama mkate wenyewe umepatikana. Kila kisanduku cha hadithi tulikiita fremu. Lile duara linalotoka mdomoni mwa mtu na maneno yake ndani tuliliita kiputo. Kosa la wino lilifunikwa kwa rangi nyeupe. Yote hayo nilifundishwa na Chilumba, mchoraji aliyenitangulia pale gazetini, mtu wa Newala, mpole wa sauti na mkaidi wa roho.

Kilichonichosha si vifaa, ni kupe. Kila wiki Mhariri Mkuu aliagiza kupe: bepari mwenye tumbo kubwa, anayenyonya jasho la mkulima kwa mrija. Nilimchora huyo kupe hadi nikawa namwota. Nisieleweke vibaya. Ujamaa niliuamini, na hadi leo nikisikia mtu anaukejeli bila kuujua nakasirika. Lakini nilikuwa naishi Kariakoo, na Kariakoo niliyoiona haikuwamo gazetini. Siku moja nikapeleka katuni ya foleni ya sukari nje ya duka la ushirika. Mhariri Mkuu akaisukuma pembeni.

"Foleni hii haipo."

"Ndugu Mhariri, nimetoka humo asubuhi hii."

"Na sukari ulipata?"

"Sikupata."

"Basi huna ushahidi."

Haukupita muda nikahamishiwa kitengo cha mabango ya elimu ya watu wazima. Chilumba alinitetea, kwa hiyo naye akahamishwa pamoja nami. Mkuu wa Kitengo alikuwa mtu mwema ila mwoga. Alitaka tuchore vyoo bora na mchicha, basi. Tulichora vyoo na mchicha hadi saa za kazi zikaisha, kisha tukachora vya kwetu. Waandika vibao vya maduka wa Mtaa wa Kongo wakajiunga nasi, na mchora ramani mmoja wa Kihindi kutoka Upanga. Hakuna gazeti lililotutaka, nasi tukachoka kubembeleza. Tukaamua kufanya siku yetu wenyewe ya vibonzo.

Bi Shumbana, mwenye nyumba aliyempangisha Chilumba, alitupa ua wake. Tulianika kurasa kwenye kamba za nguo kwa vibanio, na kila mtu aliruhusiwa kuzishika. Kamba ya mbele ilikuwa yangu. Ile foleni ilishakuwa hadithi ya ukurasa mzima. Na mjue kwamba Kariakoo ya wakati ule haikusoma kibonzo kimoyomoyo. Aliyejua kusoma alisoma kwa sauti, akamwigiza kila mhusika, wengine wakamzunguka na kumchagiza.

Kabla watu hawajafika, akaja Ofisa Utamaduni. Akapita kamba kwa kamba, mikono mgongoni, akasimama mbele ya foleni yangu.

"Picha nzuri. Maneno yatoke."

"Maneno gani, Ndugu Ofisa?"

"Yote. Kamba zote. La sivyo nafunga hapa, na ninyi wawili kazini hamrudi."

Chilumba alikuwa na watoto wadogo. Mimi nilikuwa namsomesha mdogo wangu. Chilumba akachukua chupa ya rangi nyeupe. "Fanya kama ninavyofanya," akaninong'oneza. Akafuta maneno tu. Viputo akaviacha, vikubwa, vyeupe, kila mdomo na chake. Ofisa akaridhika, akakaa kwenye kiti alicholetewa na Bi Shumbana, na kahawa akapewa.

Watu wakaingia. Mama mmoja muuza samaki akasogea mbele ya foleni, akakunja uso.

"Huyu mwenye duka kasemaje hapa?"

"Hajaandikiwa," nikamjibu.

"Kwani mpaka aandikiwe? Namjua huyu! Anasema, 'Sukari imeisha, mama, njoo kesho.' Na hayo magunia nyuma yake ni mchanga?"

Ua mzima ukaangua kicheko. Mchukuzi wa sokoni akadandia fremu iliyofuata, akamsemea mzee wa kwenye picha: "Mwanangu, hiyo kesho yako naisubiri tangu mwaka jana!" Basi ikawa hivyo kamba zote. Kila kundi lililoingia lilisema upya, na maneno yao yalikuwa makali kuliko niliyoandika mimi. Nilicheka huku machozi yakinitoka.

Ofisa Utamaduni akainuka. "Nani amesema hayo?"

"Wasomaji, mwanangu," Bi Shumbana akamjibu. "Si umewaachia nafasi?"

"Teremsheni picha!"

Nikasimama mbele ya kamba. "Hapana. Picha umesema ni nzuri. Maneno umetaka yatoke, yametoka. Tumevunja agizo lipi?"

Akaweka kikombe chini, akaondoka.

Nilijua halitaishia hapo. Wiki ileile nilipoitwa ofisini, nilisema wazo la kuviacha viputo lilikuwa langu peke yangu, wakamwacha Chilumba. Mimi nikakatazwa kuchora, nikapelekwa kutunza stoo ya vifaa, na huko nikakaa hadi kustaafu. Walitaka kuninyamazisha, wakaniweka kwenye chumba kilichojaa karatasi! Mwaka uliofuata tulianika tena kwa Bi Shumbana, na mwaka wa baada yake, viputo vikiwa vyeupe kwa kupenda kwetu.

Siku hizi mna matamasha yenye jukwaa na wadhamini. Mnanialika, mnaniamkia vizuri, kisha mwandaaji ananivuta pembeni: bibi, tusilete yenye utata. Mimi huleta hayohayo. Asiyeyataka asinialike.

Siku ya kuniaga kazini walipika pilau. Mkurugenzi, aliyekuja miaka mingi baada ya yote hayo, alitoa hotuba ndefu ya sifa, akamalizia kwa tabasamu: "Na lile jambo la Kariakoo, mama yetu, ofisi imekusamehe." Watu wakapiga makofi. Nikasimama, nikangoja wanyamaze.

"Ahsante, Ndugu Mkurugenzi," nikasema. "Lakini mimi sijaomba msamaha."

Nikaketi, nikamalizia pilau yangu.