Tulivyompeleka Nambari Kumi Kibera

Tulikwenda Kibera Jumamosi iliyopita ili Akoth asipokonywe nafasi yake. Nasema hivyo mapema, mtu asije akadhani tulikwenda kutembea tu. Mimi ni kocha wa timu ya wasichana hapa Kawangware, na Akoth ndiye nambari kumi wangu. Tulikuwa tumepoteza mechi mbili, na mwenyekiti wa timu akaamua kwamba kosa ni la Akoth: hakabi, hakimbii, anangoja kuletewa mpira. "Kocha Ndunge," akaniambia, "mpira wa siku hizi hauna mtu wa kusimama katikati kama bibi harusi. Mkipoteza tena huko Kibera, anakaa benchi, tunaweka mtu wa kukimbia." Nilikasirika, nikaenda zangu kupanga mechi ya Kibera.

Nilipokuwa msichana, mpira wa Italia ulionyeshwa kwenye televisheni wikendi, nami nikaupenda kuliko chakula. Mabeki wanne nyuma, viungo watatu mbele yao, washambuliaji wawili mbele kabisa, na katikati ya viungo na washambuliaji mtu mmoja peke yake. Waitaliano walimwita trequartista, yaani mtu wa robo tatu ya uwanja. Husimama mahali ambapo beki wa wapinzani anaogopa kumfuata na kiungo wao hamwoni mgongoni. Wenzake wote hufanya kazi ili yeye apate kufikiri. Huo ndio mpira ninaofundisha, na sioni haya kusema ninajivunia.

Asubuhi tulikusanyika kwenye kituo cha matatu cha Kawangware 56. Mechi za ugenini sisi huenda kwa miguu, na tunatembea vile tunavyocheza: kipa nyuma na begi la mipira, mbele yake mabeki wanne, kisha viungo watatu, kisha Akoth, kisha washambuliaji wawili. Kupita katikati ya wauza mitumba na mikokoteni bila kuvunja mistari ni mazoezi tosha. Akoth hana mstari. Yeye hupenya tu, na ukimtafuta unamkuta ameshatokea mbele.

"Niaje warembo!" akaita mwanamke mmoja mlangoni pa saluni. "Leo mnapiga nani?"

"Kibera!"

"Msituletee aibu!"

Mwenyekiti alitembea kando yangu akiwa amevaa viatu vilivyong'arishwa. Yeye hakuwa kwenye mpangilio wowote.

Tulipopita Riruta nilimsogelea Mwende, kiungo wangu wa kulia. Nafasi yake Waitaliano huiita mezzala, nusu bawa, na kazi yake ni kukimbilia pengo lolote linaloachwa wazi mbele. Mwende hukimbia kama mtu aliyesahau sufuria motoni.

"Kocha, na nikifika huko mbele nipate mpira haujakuja?"

"Unarudi, halafu unaenda tena."

"Hiyo ni kazi ya punda."

"Ndiyo. Na punda wangu nampenda."

Kutoka Ngong Road tulikata kwa soko la Toi, tukapita Makina, tukaanza kuteremka. Hapo Akoth alibadilika. Alizaliwa Kibera, na kila baada ya nyumba chache kulikuwa na mtu wa kumwita. Mama yake anauza dagaa wa omena Soweto East, karibu na zile gorofa za serikali, na hajawahi kumwona binti yake akicheza kwa sababu Jumamosi ndiyo siku yake ya biashara. Siku hiyo alikuwa amefunga kibanda. Tulimkuta tayari uwanjani, pembeni mwa mstari, amevaa nguo ya kanisani.

Kocha wa wenyeji wetu anaitwa Were, mtu mrefu mwenye maneno machache. "Karibuni," alisema akinipa mkono. "Uwanja ni yetu lakini vumbi ni ya wote."

Kipindi cha kwanza kilinionyesha kwamba Were naye aliitazama ile televisheni. Alipanga mabeki watano, na mbele yao msichana mmoja aitwaye Nafula aliyepewa kazi moja tu: kumfuata Akoth. Waitaliano ndio waliovumisha pia ulinzi wa namna hiyo, wakauita komeo, kwa maana ya kufunga mlango kabisa. Nafula alimganda Akoth kama kupe. Akoth aligusa mpira mara chache, na kila alipougusa alinyang'anywa.

"Mpeni mtoto mpira!" mama yake alipiga kelele.

"Unaona?" mwenyekiti akaniambia. Nilijifanya sisikii. Tulienda mapumziko bila bao upande wowote.

Kwenye mapumziko Akoth alikwenda kwenye mtungi kunywa maji, na Nafula, kwa mazoea tu, akapiga hatua mbili kumfuata kabla ya kukumbuka kwamba refa ameshapiga filimbi.

"Manze kocha," Akoth akasema, "huyu dem hata nikienda choo atakuja."

Wote walicheka. Mimi sikucheka, maana nilikuwa nimeona njia.

"Basi mpeleke," nikamwambia. "Mpeleke pembeni kabisa, hadi kwenye mstari. Kaa huko naye. Mwende atapita pale mlipotoka. Na usiombe mpira."

Akatupa macho kwa mama yake kule pembeni. "Kocha, mathe amefunga biashara juu yangu. First half ameniona nikipoteza tu. Sasa hata hiyo asione?"

Nilimhurumia sana. Nilijua ninamwomba mtoto wa watu ajifiche siku aliyotaka kuonekana, na kwamba tukishindwa nitakuwa nimemtoa mwenyewe kwenye timu. Nikamwambia sina njia nyingine. Alifunga upya kamba za viatu, polepole, akasema, "Sawa."

Kipindi cha pili kilipoanza, Akoth alitembea hadi pembeni, Nafula nyuma yake, na mbele ya mabeki wao pakabaki uwazi wa kupitisha mkokoteni. Mwende akaingia. Mara ya kwanza alipiga juu ya goli. Mara ya pili kipa wao akadaka. Kila mara alirudi na kwenda tena. Wakati huo Akoth alikuwa amesimama hatua moja kutoka kwa mama yake.

"Mbona umesimama hapa na wenzako wanacheza?"

"Niko job, mathe."

Mwende akapita tena, akapata pasi mguuni, akafunga.

Bao hilo moja lilitosha. Filimbi ya mwisho ilipolia niliruka kama msichana, lakini mwenyekiti akanivuta kando. "Tumeshinda, hongera. Lakini umejionea. Hakugusa mpira. Tumeshinda tukiwa watu kumi, kwa hivyo hiyo nafasi si ya lazima." Sikuwa nimefikiria kwamba ushindi nao ungeweza kumfukuza.

Baada ya mechi wenyeji walitupikia. Wana desturi yao pale: wakifungwa, wanamchagua mgeni aliyewaumiza zaidi, naye hupakuliwa chakula wa kwanza na mchezaji wao. Mwenyekiti alimsukuma Mwende mbele akitabasamu. Nafula akaja na sahani ya ugali na samaki, akampita Mwende, akaiweka mikononi mwa Akoth.

"Huyu ndiye alitumaliza," akasema. "Nilijua ananitoa mahali pangu. Lakini ningemwacha, angetumaliza na mpira."

Were akatikisa kichwa. "Nikimrudisha Nafula, huyu anapata nafasi. Nikimwacha huko pembeni, yule mkimbiaji anapita. Sikuwa na mahali pa kushika."

Mama Akoth alinigeukia. "Kwani pale kando yangu alikuwa anacheza?"

"Alikuwa anacheza kuliko wote, mama."

Akapiga vigelegele hadi waliokuwa wakipita njiani wakasimama. Nami machozi yalinitoka, wala sikuyaficha.

Jioni tulirudi kwa njia ile ile, miguu ikiuma na mimi nikitafakari. Miaka yote nimefundisha kwamba wengine wafanye kazi ili nambari kumi afikiri. Kibera ilinifunza kwamba nambari kumi naye aweza kuwafanyia wenzake kazi, asionekane, na bado akabaki yeye ndiye anayeogopwa. Sikuwa nimelijua hilo, na aliyenionyesha ni mchezaji wangu mwenyewe. Hakuna kocha aliyetembea barabara ile akijisikia kama mimi.

Tulipofika 56, mwenyekiti alikuwa ametutangulia. Tulimkuta mbele ya duka la hardware, watu wamemzunguka, akieleza kwa mikono yote miwili. "Nambari kumi si lazima aguse mpira!" alikuwa akisema. "Sisi wetu tulimpeleka pembeni makusudi. Timu bila mtu kama huyo haiendi popote!"

Akoth alinivuta mkono, akitaka nimkatize. Nilimwambia amwache aongee, tena aongeze sauti, maana kitu alichokitangaza mbele ya 56 nzima hangeweza kukimeza kesho.