Nilivyofufua injini ya Landrova yangu ya ujana, nikampandisha Mama Stella mlima wa Newala

Wakuu, habari za humu. Kwa umri wangu wengi wenu mngeniamkia, basi marahaba kabisa. Shule niliishia darasa la nne, nikikosea herufi mnisamehe. Ninayosimulia ni ya kweli. Mama Stella, mke wangu, kakaa hapa pembeni, nikiongeza chumvi ananikatiza.

Nina Landrova ya zamani, ile ndefu ya petroli. Ujanani niliitumia kubebea watu maji huku juu Newala. Enzi hizo maji yalitoka bondeni, mwenye pipa lililojaa anaamkiwa hata na wakubwa zake. Nitarudi kwenye maji. Au nisirudi.

Gari hilo ndilo lililomleta Mama Stella kutoka kwao Lulindi, siku ya harusi. Mlimani lilichoka, abiria wote wakashuka, wakapanda kwa miguu wakiimba nyuma yetu. Ndiyo ilikuwa kawaida. Bibi harusi tu hakushushwa.

Baadaye injini ikafa. Miaka gari limekaa uani, kuku wanataga kwenye siti.

Juzijuzi hapa, Mama Stella miguu imeshamchosha, akaniambia, "Baba Stella, nataka kumwona dada Lulindi. Basi sipandi. Nipeleke kwa lile."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

Nikamwita fundi Chilumba kutoka Masasi. Mwanangu alitaka tuweke injini ya dizeli ya Kijapani, nikakataa. Fundi naye akataka kuichonga sana hedi, kile kifuniko cha juu ya injini, gari lipate mbio.

"Fundi, mimi sishindani na mtu," nikamwambia. "Nataka iwake asubuhi, ipande mlima, inirudishe nyumbani."

"Basi mzee, umenirahisishia kazi."

Ikawa overhaul kamili, injini yote ikafunguliwa. Block likachongwa, pistoni na ringi mpya, valvu zikasagwa, kabureta ikaoshwa, rejeta ikazibuliwa.

Ilipowaka, mlio ule ule. Nilijifanya natafuta spana chini ya gari, wasinione uso.

Fundi akaonya: "Mzee, siku za mwanzo usiibebeshe mzigo. Ukiipika mlimani, ringi hazitakaa, italamba oil maisha yake yote."

Kushuka Lulindi, safi kabisa. Shida ikaanza ukweni.

Dada mtu kafurahi, wakaanza kupakia. Magunia ya mihogo mikavu, karanga, mbuzi, na mashemeji zangu wanne wanaokuja kututembelea. Mama Stella ananitazama tu.

Wakuu, nani huku kwetu anakataa mzigo wa ukweni? Fundi hakuoa ukoo ule.

Katikati ya mlima, mshale wa joto ukaanza kupanda. Ujanani ningekanyaga mafuta tu, kusimama niliona aibu. Safari hii nikasimama.

"Mashemeji, mtanisamehe. Shukeni."

"Shemeji, si ulisema injini mpya?"

"Mpya, ndiyo maana."

"Tuliitiwa lifti, kumbe ni mchakamchaka."

Wakashuka na mbuzi wao, wakajitwisha magunia. Tukaiacha ipoe. Mama Stella naye akashika fimbo yake, akafungua mlango, mguu mmoja nje.

Shemeji Lukasi, mkubwa wao, ambaye siku ya harusi alitembea mlima ule akiwa kijana, akaurudisha ule mguu ndani taratibu, akafunga mlango.

"Bibi harusi hashuki," akasema.

Nikaingiza gia ya kwanza. Nyuma wakaanza kuimba, wimbo ule ule, pumzi ndizo zimepungua. Mshale ukatulia. Mama Stella akatengeneza kanga kichwani, akatazama mbele mpaka tumefika juu.

Nilichojifunza: ukifufua injini ya zamani, mbio waachie wengine. Angalia joto, na usione haya kusimama. Mpaka leo hailambi oil.

Wenye magari ya zamani, nyie mliyazoeshaje baada ya overhaul? Na mzigo wa ukweni mnaukataaje? Andikeni, Mama Stella anataka nimsomee majibu.