Nilimwambia Mama Golikipa wa Barafuni ni Mdogo Wangu

Nimekosa, jamani, na sina wa kumsingizia. Jina langu lifichwe, maana hapa Kahororo ninakoishi bado wapo wachache wanaoniheshimu. Kwetu Kimwani, Muleba, nimeshachelewa. Habari yangu wanaijua mpaka watoto wa chekechea.

Nina mdogo wangu wa kike, nimwite Adventina. Tulimuaga kwa misa na mbuzi, anakwenda Ulaya kutunza wazee. Alipofika Mwanza wakala aliyemtafutia kazi akazima simu, na Ulaya ikaishia hapo. Kwa aibu akabaki Mwanza anashona sare za shule. Akaniapisha: "Dada, Mama asijue. Nitamwambia mwenyewe."

Nikaapa. Hilo ni kosa la kwanza, na lina wenzake.

Mwaka huu Mama akaja kwangu kutibiwa goti. Asubuhi: "Adventina kapiga simu?" Mchana: "Adventina kapiga?" Siku ya tatu akagoma kula. Ndizi na maharage vinapoa mbele yake, yeye anatazama ukuta. Akaniambia mwanawe amekufa na mimi namficha. Nilichanganyikiwa!

Nikawasha televisheni nimtafutie misa. Misa sikuipata. Nikakuta wanawake wanateleza juu ya barafu, wamevaa viatu vyenye visu chini, wanagombania kwa magongo kitu cheusi mfano wa kopo la dawa ya viatu. Mama akainua kichwa.

"Huko ni wapi?"

"Ulaya, Mama."

"Na Adventina yuko wapi hapo?"

Huu ulimi wangu, huu! Golini kwa timu nyekundu alisimama mtu amejaa manguo, kofia ngumu kichwani, nondo mbele ya uso kama dirisha la duka. Huoni hata pua. Nikanyoosha kidole.

"Yule pale."

"Mbona kafungiwa uso?"

"Baridi, Mama."

Mama akaomba chakula. Akala sahani mbili! Najua mnachotaka kusema, kwamba ningekiri palepale. Lakini nilishaziona zile sahani tupu, nikafurahi kama mjinga.

Tena kwa kimbelembele changu nikamsomea maandishi ya kwenye kioo: mashindano ya kimataifa ya wanawake, daraja la pili. Mama akaweka kikombe chini.

"Daraja la pili? Adventina? Huyu aliyekuwa wa kwanza tangu anaanza shule?"

Alikasirika kweli, akataka nimpe simu azungumze na mwalimu wao. Ikabidi nimweleze kwamba bingwa atapandishwa kwenda daraja la kwanza. "Basi atapanda," akasema, akatoa rozari.

Kesho yake wanawake watatu wa jumuiya yake ya kanisa wakafika kutoka Kimwani na mkungu wa ndizi. Keshokutwa yake wakawa tisa. Mechi ilikuwa karibu kila siku, na sebule yangu ikageuka kigango cha kusalia. Golikipa akizuia, vigelegele. Akifungwa, Salamu Maria. Mama alipenda sana kile chumba cha kioo wanamofungiwa wenye makosa dakika mbili. "Kingefaa jumuiya yetu," alisema, akamtazama katibu wao. Kilichomuudhi ni wale wachezaji wanaoingia na kutoka katikati ya mchezo. "Hawaagi! Watoto hawa hawakufundishwa."

Mnajua desturi yetu. Mgeni akiingia, anapewa kiti na kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, akamwani, kabla hajaulizwa lililomleta. Mwanamke mmoja akaona si vizuri golikipa akose, akataka kusogeza kikapu mbele ya televisheni. Mama akamzuia.

"Huyo si mgeni. Mtoto wa nyumbani akitaka kahawa anajua ilipo."

Nilikwenda jikoni nikalia. Halafu nikarudi kutazama mechi. Ndivyo nilivyo.

Sasa sikieni. Binti wa mmoja wa wale wanawake anaishi Mwanza. Akamkuta Adventina kwenye cherehani, akashangaa: "Kumbe mko mapacha? Mwenzako anadaka barafuni Ulaya!" Adventina akanipigia. Siwezi kuandika hapa aliyoniambia. Akapanda meli, na asubuhi ya mechi ya mwisho akawa amesimama mlangoni kwangu na mfuko wake mmoja.

Ndani timu nyekundu inaongoza moja bila. Wakishinda wanapanda daraja.

Adventina akapita katikati ya wanawake, akapiga magoti mbele ya Mama, akamsalimu kwa kilugha chetu. "Kasinge waitu, Mama. Ni mimi, Adventina."

Mama hakumtazama hata usoni. "Kasinge, mwanangu. Adventina yuko golini, hebu sogea kidogo, unamziba."

Mdogo wangu akanigeukia. Hapo, wasomaji, hapo ndipo Mungu alinipa nafasi! Maneno mawili tu yalitosha. Nikawatazama wale wanawake tisa na rozari zao, nikaona aibu itakavyonishukia, nikasema:

"Mama, huyu ni rafiki yake Adventina. Majina yamefanana tu."

Mama akafurahi. Akavuta kiti, akachukua kikapu akampa kwa mikono miwili. "Karibu mgeni. Tafuna."

Adventina akakaa. Akatafuna kahawa ya wageni mbele ya mama yake mzazi, machozi yanamwagika, na wale wanawake wakasema mgeni ana huruma na timu. Nimefanya makosa mengi, lakini lile ndilo linaloniamsha usiku.

Timu nyekundu ikafungwa mawili mwishoni. Golikipa akapiga magoti kwenye barafu, akavua kofia. Nywele za njano zikamwagika kama ndevu za hindi. Mashavu mekundu. Analia.

Katibu wa jumuiya akajaribu kusaidia: "Baridi imembabua."

Mama akatazama kioo muda mrefu. Kisha akamgeukia mgeni kwenye kiti, akamtazama usoni, sasa vizuri, mpaka kwenye kovu la kidevuni alilolipata kwa kisu cha kumenyea ndizi. Akamnyang'anya kikapu.

"Inuka hapo," akamwambia. "Kwa nini unakaa kama mgeni? Nenda jikoni ukamenye ndizi, watu hawajala." Adventina akakimbilia jikoni analia na kucheka. Mama akamfuata na goti lake bovu, wakakumbatiana huko huko kwenye maganda. Habari za Ulaya hakuziuliza kabisa.

Mama aliporudi sebuleni, alinisogezea kile kiti. Akaniwekea kikapu mapajani. Kwa mikono miwili.

"Karibu mgeni," akaniambia.

Nilidhani ni hasira za siku moja. Tangu hapo kila nikienda Kimwani ni kiti na kikapu. Mimi, mtoto wake wa kwanza! Nikiinuka kwenda jikoni, Mama ananiambia kwa upole, "Kaa, waitu, mgeni hafanyi kazi." Nawasikia yeye na Adventina wakimenya na kucheka, mimi niko sebuleni na wageni wenzangu. Yule golikipa Mama bado anamuombea apande daraja, eti mtoto wa watu hana kosa.

Wewe unayesoma, kama kuna uongo umempa mzazi wako ili ale vizuri, nenda leo ukaufute, hata kama nyumba imejaa watu. Aibu ya siku moja utaimaliza. Mimi nimetafuna kahawa hii mpaka meno yamekuwa meusi, na bado sijaambiwa niende jikoni.