Ng'ombe wa Udongo Kutoka Uajemi

Mwenye duka wa Katesh alinikabidhi ng'ombe wa udongo, buluu yake imefifia, ambaye babu yake alikuja naye kutoka Uajemi. Unamjaza mgongoni, unamimina kwa mdomo. Mzungu wa jumba la makumbusho alikuwa akimsubiri mjini Mbulu. Mapatano yetu yalikuwa haya: ng'ombe akifika mzima, napanda lori la Mzungu hadi Arusha. Shule niliiacha mapema, ila hamu ya kuona dunia haikuniacha.

Chini ya kijiji cha Gitting nikalala kwa wafugaji. Asubuhi nikaenda kuwasaidia kunywesha mifugo. Niliporudi, bibi mwenye boma alikuwa amempakata ng'ombe wangu, mkono mmoja umeshika kijinga chekundu cha moto. Ndivyo wanavyosafisha vibuyu vya maziwa kwao, wanasugua ndani kwa kijinga mpaka moshi ukolee.

Nikapiga hatua moja kumwendea. Lakini kumnyang'anya mama chombo mkononi, tena nyumbani kwake, ni kumtukana.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Chombo chako kinanuka. Ulikuwa unanyweshea panya?"

"Bibi, hicho si cha maziwa. Kitapasuka."

"Ng'ombe asiye na maziwa!" Akacheka. "Chungu kinashinda motoni, hiki kinaogopa kijinga?"

Kijinga kikasogea kwenye tundu la mgongoni. Cheche ikadondokea ile buluu.

"Bibi, mpapase chini ya shingo. Taratibu."

Kidole chake kikapita, kikasimama. Hapo palikuwa na ufa, mwenye duka alinionyesha kabla sijaondoka. Bibi akakitupa kijinga.

"Kumbe ameumia, na unamtembeza hivi hivi! Wewe hujawahi kufuga, nimejua."

Akakata ukanda wa ngozi mbichi, akamfunga shingo kama ndama aliyevunjika mguu. Ngozi ikakauka njiani, ikabana.

Huko Mbulu, Mzungu alipouona ukanda akakunja uso.

"Uchafu gani huu?" Akatoa kisu.

"Bwana, usikate."

Akakata. Kichwa kikalegea, nikakibana kwa viganja kabla hakijaanguka.

"Usiachie!"

"Mpaka lini, bwana?"

Akauangalia ukanda uliokatika, akaniangalia mimi.

"Panda kwenye lori."

Tukaondoka. Lori likateremka kuelekea bondeni, likirukaruka juu ya mawe, nami mikono yote miwili iko shingoni mwa ng'ombe, sina hata mmoja wa kujishikia.