Fundi wa vitanda vya kamba aliyelala Budapest

Jua halijavuka paa la bati, na Mzee Khalfani Sadallah wa Tandika, Temeke, tayari yumo kitandani. Halali. Amesimama katikati ya fremu tupu, mguu mmoja kaukandamiza kwenye mbao, anavuta kamba ya makumbi mpaka mishipa ya shingo inamtoka.

"Kitanda kikilegea ni shimo," anasema. "Mume na mke wanaporomokea katikati hata kama wamenuniana."

"Ndo maana siku hizi talaka nyingi," anadakia mkewe, Mwajabu, kutoka uani. "Magodoro yamenyooka mno!"

Kwa miaka thelathini Khalfani amechonga matendegu na kuwamba vitanda. Enzi hizo bibi harusi wa Temeke hatoki kwao bila samadari, kile kitanda kirefu cha matendegu ya kuchonga. Kisha milango ya biashara ikafunguliwa, yakaingia magodoro ya sponji ya kila rangi, na watu wakapasua vitanda vya mama zao kuni. Mwaka jana, 1994, alipata kazi ya vitanda vitatu tu.

Mwajabu akataka chumba cha mbele, ambacho ndicho karakana, kipangishwe. Mpangaji mwenyewe? Muuza magodoro! Khalfani alikuwa ameshakubali nusu, ndipo akaalikwa Budapest, Hungaria, kwenye maonyesho ya mafundi wa mikono.

"Naingia chumba cha hoteli: kitanda cha chuma, simu ya kuzungusha kidole, redio kubwa kama kabati. Nikasema haya, mgeni wa Temeke kapewa stoo."

Akashuka mapokezi kuomba, kwa adabu, chumba chenye vitu vipya. Binti wa mapokezi alicheka mpaka akafuta macho. Mkalimani akamweleza kuwa hicho ndicho chumba ghali kuliko vyote. Wenyeji nao walikuwa wametoka kwenye ujamaa wa foleni na bidhaa adimu, wakatupa vya zamani mbio mbio, halafu wakavikumbuka. Mwenye hoteli alizunguka nyumba za vikongwe akivinunua kimoja kimoja.

"Nikarudi juu, nikazungusha ile simu. Krrr. Nikakiona chumba cha mama: kitanda kirefu hadi unapandia kigoda, asumini kwenye mto, sie watoto mkekani, mvua inapiga makuti. Nikalia kidogo. Hilo usiandike."

Tangu arudi, anataka chumba cha mbele kiwe cha kulaza wageni: samadari, chandarua cheupe, mtungi, udi.

"Wazungu baridi imewapanda kichwani," anasema Mwajabu. "Hapa Tandika nani atalipa alalie kamba?"

Wameafikiana hivi: Ijumaa shangazi yake Mwajabu, Bi Chausiku, anakuja kutoka Kimbiji kwa ajili ya harusi ya Jumamosi. Atalazwa humo, na neno lake ndilo jibu la muuza magodoro.

"Na shangazi hafichi," Mwajabu anaonya. "Aliwahi kumwambia imamu hotuba imemchosha."

Khalfani anakaza fundo, anaidonoa kamba kwa kidole. Inalia.

"Akiamka akilalamikia mgongo, nafungasha randa zangu, sibishani. Lakini akipitiwa na usingizi mpaka shughuli iishe, mwezi ujao nawamba cha pili." Anatazama uani, anashusha sauti. "Mie namwomba Mungu tuikose hiyo harusi."